Orodha ya Mbolea Ibandikwe Ukutani

Kaunti ya Trans Nzoia si mahali pa kuficha jambo. Fahali akiuzwa Kitale asubuhi, bei yake imeshafika Kiminini kabla ya jua kutua. Binti akichumbiwa Kwanza, watu wa Endebess wameshahesabu mahari. Ila kuna jambo moja ambalo hata mmbeya wa kijiji hulisema kwa kukisia tu: fulani alichukua mifuko mingapi ya mbolea ya ruzuku msimu uliopita. Mbolea hiyo hulipiwa na walipa kodi, hupitia ghala la umma, na jina la kila anayeichukua huingizwa kwenye daftari la serikali. Daftari lenyewe mwananchi halioni.

Lifunguliwe. Na lisifunguliwe Nairobi tu kwa faida ya wataalamu wa takwimu. Libandikwe pale mkulima anapopita akipeleka mahindi kwenye poshomili, yaani kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, kata kwa kata, jina na idadi ya mifuko. Hoja hii ni ndogo mbele ya mijadala mikubwa ya bei za dunia, rutuba ya udongo na bajeti. Lakini kasoro nyingi zilizouandama mpango wa ruzuku nchini Kenya zimeota pale ambapo anayetoa na anayepokea wanajuana, na anayelipa hajui lolote.

Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 13, 2022, bei ya mbolea ilikuwa imewatoa jasho hata wakulima wenye matrekta yao. Vita vya Urusi na Ukraine vilikuwa vimevuruga soko la dunia, na mfuko wa kilo 50 uliuzwa karibu Sh6,500. Katika hotuba yake ya siku hiyo alitangaza mifuko milioni 1.4 kwa Sh3,500 kila mmoja. Agosti 2023 bei ikateremshwa tena hadi Sh2,500. Serikali mpya ilikuwa imekataa kuendelea na ruzuku ya unga iliyoikuta, ile ya pakiti ya kilo mbili kwa Sh100, ikisema afadhali kumsaidia anayezalisha kuliko anayekula. Hoja hiyo ina uzito wake. Ruzuku ya unga huisha siku ugali unapoliwa. Mbolea ikiingia ardhini kwa wakati hurudi na magunia.

Na magunia yalirudi. Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, liliripoti kwamba mavuno ya mahindi yalipanda kutoka magunia milioni 34.3 mwaka 2022 hadi milioni 47.6 mwaka 2023. Wanasiasa hawakuchelewa kuihesabu nyongeza yote kuwa kazi ya ruzuku. Mkulima wa Cherangany angewakumbusha kwamba 2022 ulikuwa mwaka wa ukame, na mwaka uliofuata mvua haikuwa choyo. Mbolea na mvua zilishirikiana, na si rahisi kujua kila moja ilileta magunia mangapi bila kujua kwanza mbolea iliingia katika mashamba ya nani.

Mpango wenyewe huendeshwa hivi. Mwanzoni mwa 2023 serikali iliwatuma machifu na manaibu wao kuwasajili wakulima: jina, namba ya kitambulisho, simu, zao na ukubwa wa shamba. Nchi nzima walisajiliwa zaidi ya milioni 6, na kwa mara ya kwanza Kenya ikawa na sajili ya wakulima ya kidijitali ya kiwango hicho. Msimu ukikaribia, simu ya mkulima hulia. Ujumbe mfupi humwambia ametengewa mifuko mingapi, akachukue ghala gani, na humpa namba ya kuonyesha. Hufunga safari hadi ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, au kwa chama cha ushirika kilichoteuliwa, hutoa kitambulisho, hulipa kwa simu, hupakia.

Katika karatasi ni mpango safi. Ukisimama nje ya ghala la nafaka mwezi Machi, mvua ya kwanza ikiwa imeshagusa udongo, unaona mengine. Kuna mzee ambaye simu yake ni ya mjukuu, na mjukuu amekwenda shule ya bweni na namba ya siri kichwani mwake. Kuna mama aliyeambiwa mfumo umelala, arudi kesho, na nauli ya bodaboda kutoka Endebess na kurudi imeshameza sehemu ya punguzo. Kuna aliyetarajia mifuko ya kutosha ekari zake zote akaona ujumbe una nusu yake, na hakuna wa kumweleza ni kwa nini. Na kuna lori linalopakia, mifuko kwa mifuko, huku waliopanga foleni wakiangaliana. Pengine lori hilo ni la chama cha ushirika kinachowachukulia wanachama 200 waliojichanga nauli. Pengine silo. Katika foleni hakuna anayejua, na asiyejua huamini lililo baya zaidi.

Kiini cha tatizo ni kwamba sajili hiyo ilijazwa kwa maneno ya mdomo. Mtu alitaja ekari zake, zikaandikwa. Nani angezipima? Trans Nzoia ni nchi ya mashamba ya kukodi. Mwenye hatimiliki anaweza kuwa karani jijini, anayelima ni mpangaji wa msimu, na kaka wa mwenye shamba ndiye anayekaa nyumba ya pale na kujulikana na naibu wa chifu. Ekari kumi hizo hizo zinaweza kusajiliwa na wote watatu, kila mmoja kwa nia njema au mbaya. Kuna hatimiliki ambazo bado zina jina la babu aliyezikwa miaka mingi, na watoto wake saba wamegawana ardhi kwa kamba na vigingi. Kuna wajane wanaolima kila mwaka bila kipande cha karatasi chenye jina lao.

Kompyuta ya wizara haiwezi kujua kwamba shamba la fulani limekuwa la mikaratusi kwa muda mrefu na halijaona punje ya mahindi. Afisa wa kilimo, mmoja kwa maelfu ya wakulima, hana hata mafuta ya pikipiki ya kwenda kuliangalia. Anayejua ni jirani. Huyo hupita hapo kila siku, hahitaji mshahara wala tableti. Anahitaji kuona tu kilichoandikwa.

Ukubwa wa shamba una uzito kwa sababu ruzuku hii hutolewa kwa mfuko, na mifuko hufuata ekari. Chukua punguzo la mwanzo, la Sh3,000 kwa mfuko, na mifuko miwili kwa ekari, mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia. Mwenye ekari moja amesaidiwa Sh6,000. Mwenye ekari 50 amesaidiwa Sh300,000, msimu mmoja. Huenda huyo wa pili anastahili. Ndiye anayelisha Nairobi, na akiacha kupanda bei ya unga itamfikia hata asiyejua jembe. Hilo ni swali la siasa, na majibu yake yanaweza kutofautiana kwa haki. Lisilo la haki ni kuwauliza wananchi swali hilo huku wamefichwa hesabu.

Watafiti wamelitazama jambo hili kwa miaka. Serikali ilianza kuuza mbolea ya bei nafuu kupitia NCPB katika 2009, baada ya bei za dunia kulipuka, na sambamba nayo ukawepo mpango wa Kilimo Plus, ulioanza 2007, uliowapa wakulima maskini kuponi ya mbegu kilo 10 na mifuko miwili ya mbolea kwa ekari moja tu. Tafiti zilizofuata, zikiwemo zilizotumia takwimu za Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton, zilionyesha tofauti: kuponi ya Kilimo Plus ilielekea zaidi kwa wenye mashamba madogo, ilhali mbolea ya maghala ya bodi ilielekea kwa wenye ardhi zaidi, ambao wengi wao wangeinunua dukani kwa bei ya kawaida hata bila ruzuku. Yaani sehemu ya fedha za umma haikuongeza hata kiganja kimoja cha mbolea ardhini. Ilihamisha tu mauzo kutoka kwa mwenye duka la pembejeo hadi ghalani.

Kwa wenyeji wa Kitale hili si geni hata kidogo. Ruzuku ya mahindi imekaa katika eneo hilo muda mrefu kuliko lami. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilitunga sheria, mwaka 1942, iliyowalipa walowezi wa Kizungu kwa kufyeka ardhi mpya, ikawahakikishia pia malipo ya chini kabisa kwa kila ekari waliyopanda, mvua inyeshe isinyeshe. Mwafrika aliyepeleka mahindi yake kwa bodi ya wakati huo alilipwa bei ya chini kuliko mlowezi. Uhuru ulipokuja, dhamana ile ya ekari haikufa. Ilibadilisha wenyewe tu. Mashamba makubwa yalipata wamiliki wapya, mikopo ya msimu ikaendelea kutolewa juu ya dhamana hiyo, mingi haikurudishwa, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 mpango ukazikwa. Waliokula bila kulipa walikuwa na majina. Wanakijiji hawakuwahi kuyasoma popote.

Kisha ikaja 2018, nayo ilihusu mahindi, si mbolea. Bodi ilikuwa ikinunua gunia la kilo 90 kwa Sh3,200, bei ya juu kuliko ya soko, ili kumwinua mkulima. Wakulima wa Trans Nzoia na Uasin Gishu walilala kwenye foleni za malori, wengine wakarudishwa na mzigo, na waliofaulu kuuza wakasubiri malipo miezi. Wakati huo huo wafanyabiashara waliojiita wakulima walikuwa wameshalipwa mamilioni. Seneti iliunda kamati maalumu chini ya Margaret Kamar, seneta wa Uasin Gishu, kuchunguza. Kilichofanya kashfa hiyo ifahamike hakikuwa ukaguzi wa ndani wa bodi. Ni pale orodha ya waliolipwa ilipoanza kupekuliwa nje ya ofisi, na watu wa kwao wakauliza: huyu naye amelima wapi?

Swali hilo la "amelima wapi" ndilo ukaguzi wa bei rahisi kuliko wowote, na linaweza kuulizwa kabla fedha hazijatoka.

Kisha yakaja ya Machi 2024. Wanahabari wa Africa Uncensored walifichua kwamba mifuko iliyouzwa ndani ya mpango wa serikali haikuwa na kile kilichoandikwa juu yake. Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, likapima na kusimamisha leseni. Aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, alishikilia kwamba mbolea haikuwa ghushi bali haikufikia viwango, tofauti ambayo mtu aliyekwisha panda hakuwa na muda wa kuichambua. Mei 2 wabunge walipiga kura ya kumwondoa. Siku 11 baadaye kamati teule ya wabunge 11 ikaamua kwamba mashtaka hayakuthibitishwa, naye akabaki. Katikati ya vurumai hiyo, kati ya Mei 7 na 9, viongozi wa Afrika walikuwa wamekusanyika katika jumba la KICC jijini Nairobi kwa kongamano la bara zima kuhusu mbolea na afya ya udongo. Mwandishi wa tamthilia angeambiwa anatia chumvi.

Lakini kuna jambo katika kisa hicho ambalo halikusemwa vya kutosha. Serikali iliahidi kuwafidia walionunua mifuko hiyo. Ahadi kama hiyo isingetamkika zamani, enzi za fomu za karatasi zilizopigwa muhuri na chifu na kuliwa na mchwa kabatini. Safari hii ilitamkika kwa sababu majina yalikuwepo, na namba za simu, na ghala walikochukua. Orodha ilipohitajika kuiokoa serikali aibu, ilipatikana. Kwa mkulima aliyetaka kujua kama fidia imefika kwa waliostahili katika kata yake, orodha hiyo hiyo ilikuwa siri ya ofisi.

Wanaoshabikia uwazi nao wasidanganyike kwamba ukuta na gundi vinatosha. Jirani yetu ametupa funzo chungu. Kati ya 2008 na 2014 Tanzania iliendesha mpango mkubwa wa vocha za pembejeo. Kila kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha za mbolea na mbegu za kutosha ekari moja. Uteuzi ulifanywa na kamati za vijiji, na majina yalipaswa kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kuna uwazi gani kuliko huo? Lei Pan na Luc Christiaensen walipoutafiti mpango huo mkoani Kilimanjaro, katika makala waliyoichapisha mwaka 2012, waligundua kwamba kaya za viongozi wa vijiji zilikuwa zimejitwalia takriban asilimia 60 ya vocha. Mkutano ulifanyika, mikono ikanyooshwa, na vocha zikaenda nyumbani kwa walioketi meza kuu.

Kwa hiyo kunyoosha mkono mbele ya mwenyekiti si sawa na kuona. Mkutanoni mtu anaangaliwa na yule atakayemhitaji kesho kwa barua ya utambulisho. Mbele ya ukuta yuko peke yake na kidole chake, anashuka jina kwa jina, na akiona ajabu hatazamwi na mtu. Anaweza kulipeleka nyumbani, kanisani, kwa diwani wa upande wa upinzani, kwa mtangazaji wa redio ya mtaa. Tena Kilimanjaro walioteua ndio hao hao waliotunza orodha. Ile asilimia 60 ilijulikana kwa sababu watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza, na watafiti huja mara moja na kuondoka.

Mbali zaidi, Marekani imelipitia jambo hili kwa kelele nyingi. Mwaka 2001 kikundi cha kutetea mazingira kiitwacho Environmental Working Group kilichukua kumbukumbu za malipo za wizara ya kilimo, kilizozipata kwa sheria ya uhuru wa habari, kikaziweka zote mtandaoni. Mtu wa kaunti ya mashambani kule Iowa au Arkansas aliweza kufungua kaunti yake na kusoma jirani yake amelipwa dola ngapi. Ndipo ikajulikana kwamba miongoni mwa "wakulima" waliolipwa walikuwemo Ted Turner, mwanzilishi wa CNN, na Scottie Pippen, nyota wa mpira wa kikapu. Je, malipo kwa matajiri yalikoma? Hapana. Sheria ya kilimo iliyopitishwa mwaka uliofuata bado iliwamwagia fedha wakulima wakubwa. Ila tangu hapo hakuna mjadala wa ruzuku katika Bunge la nchi hiyo unaoendeshwa kwa hadithi ya mkulima maskini pekee. Mtu hutoa orodha mfukoni.

Ulaya nayo ilianza kuchapisha majina ya wanaofaidika na ruzuku za kilimo, ikashtakiwa. Wakulima wa Ujerumani walidai faragha yao imevunjwa, na Novemba 9, 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikawakubalia: kuchapisha jina la kila mtu binafsi bila kupambanua ni kupita kiasi. Watawala hawakufunga daftari. Mwaka 2013 walitunga kanuni mpya: anayepokea euro 1,250 kushuka chini asitajwe jina, anayezidi hapo atajwe. Maskini akaachwa na staha yake, mkubwa akaonekana.

Hapa nyumbani pingamizi zitakuwa hizo hizo, na nyingine za kwetu. Watasema Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakataza. Sheria hiyo inalinda taarifa za mtu, ni kweli, na hakuna anayeomba namba za vitambulisho au za simu zibandikwe. Lakini mtu anapopokea fedha za umma kwa sababu ametaja ekari zake, ekari hizo na mifuko hiyo si faragha yake peke yake. Gazeti rasmi la serikali huchapisha kila wiki majina ya watu waliopoteza hatimiliki zao, pamoja na namba za viwanja vyao, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hakuna aliyeona haya. Daftari la wapiga kura hufunguliwa likaguliwe. Iweje mfuko wa mbolea uwe na heshima kuliko shamba unamomwagwa?

Watasema orodha italeta ugomvi. Italeta. Kuna mke atakayegundua kwamba mumewe alichukua mifuko minane na nyumbani ikafika mitatu. Kuna ndugu watakaojua ni nani amekuwa akilisajili shamba la marehemu baba yao kana kwamba ni lake pekee. Huo ni ugomvi uliokuwepo. Sasa utakuwa na tarakimu. Na wapo watakaochongewa bure na majirani wenye husuda, jambo ambalo si dogo vijijini. Kwa hiyo malalamiko yapokelewe kwa maandishi, yachunguzwe na mtu wa kutoka kata nyingine, na anayelalamikiwa asikatiwe mbolea mpaka ithibitike, maana mvua haisubiri kamati.

Watasema orodha itawaonyesha wezi mbolea iko kwa nani. Hilo ndilo pingamizi dhaifu kuliko yote. Mfuko wa kilo 50 humfichua mwenyewe siku ya kwanza juu ya bodaboda.

Mpangilio unaofaa si mgumu. Kwenye ukuta wa kata, wiki mbili kabla ya ujumbe wa kwanza kutumwa, yabandikwe majina yote na ekari zilizosajiliwa, ili makosa yarekebishwe kabla ya kupanda. Baada ya msimu ibandikwe orodha ya pili: nani alichukua mifuko mingapi na kutoka ghala gani. Mtandaoni, ambako macho ya dunia nzima hufika, ziwekwe jumla za kila wadi bila majina, isipokuwa kwa wanaozidi kiwango fulani. Mifuko 20 ingekuwa mwanzo mzuri. Anayechukua zaidi ya hiyo analima biashara, na biashara inayosaidiwa na umma haina haja ya kujificha. Vyama vya ushirika vinavyochukua kwa malori vibandike majina ya wanachama waliowachukulia, ili foleni iache kukisia.

Gharama? Karatasi, wino na gundi. Katika bajeti iliyosomwa Juni 2024 ruzuku ya mbolea ilitengewa Sh10 bilioni. Ukitoa kitu kidogo mno hapo, kila ofisi ya chifu nchini itapata ubao wenye kioo usioloana.

Kilicho kigumu ni utashi. Sajili iliyofungwa ina faida zake kwa wengi: chifu anayetaka kushukuriwa, mwanasiasa anayegawa mbolea kama vile imetoka mfukoni mwake, mfanyabiashara anayekusanya ujumbe wa watu kumi kwa kuwalipa mia tano mia tano kisha akachukue mifuko yote. Hata wakulima wenyewe hawana hakika kwamba wanataka jirani ajue. Ndiyo maana kungoja wizara iamke yenyewe ni kungoja mpaka mahindi yaote videvu.

Katiba haikuliacha suala hili hivyo hivyo. Kifungu cha 201 kinataka uwazi katika fedha za umma, na kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ikaeleza namna. Raia huandika ombi, ofisi ina siku 21 za kujibu, ikikataa inapaswa kueleza sababu, na asiyeridhika hupeleka lalamiko kwa ofisi ya Ombudsman. Sheria hiyo haitumiwi sana mashambani, labda kwa sababu wengi hudhani ni ya mawakili na waandishi wa habari.

Mkulima mmoja wa Kwanza, au chama kimoja cha akina mama cha Kiminini, kinaweza kuandika kwa Wizara ya Kilimo na NCPB kikitaka mambo matatu: jumla ya mifuko iliyotolewa kwa kila wadi ya Trans Nzoia msimu uliopita, majina ya waliochukua zaidi ya 20, na idadi ya waliosajiliwa ambao hawakupata hata mmoja. Ombi lenyewe halitozwi ada. Sheria inaruhusu liandikwe kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika, afisa wa habari analazimika kumsaidia.